Trauti wa Mto Gura: Historia ya Uvuvi wa Nzi Bandia katika Nyanda za Juu za Kenya

Karne ya 20 ilipoanza, mito ya nyanda za juu za Kenya haikuwa na trauti. Samaki huyu mwembamba, mwenye magamba madogo na madoadoa ubavuni, ni wa ukoo mmoja na samoni, na makao yake ya asili ni maji baridi ya kaskazini mwa dunia. Trauti wa kahawia hutoka Ulaya, Asia ya Magharibi na milima ya Atlas ya Afrika Kaskazini, ilhali trauti wa upinde wa mvua, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya utepe wa rangi ya waridi unaompita ubavuni, hutoka katika mito inayoingia Bahari ya Pasifiki upande wa Amerika Kaskazini na rasi ya Kamchatka nchini Urusi. Leo aina zote mbili zinaishi na kuzaana katika vijito vya Nyandarua na Mlima Kenya, karibu na mstari wa ikweta, na pamoja nazo umekita ufundi wa kuvua kwa nzi bandia, ambao kwa zaidi ya miaka mia moja umewanogea watu waliofika mtoni wakiwa hawajui lolote. Makala haya yanaeleza jinsi samaki huyo na ufundi huo vilivyofika, ni nani waliovipokea na kuvitunza, na kwa nini mwanagenzi wa uvuvi huu, akishauonja, ni nadra kuuacha. Hoja inayoyaongoza ni kwamba uvuvi wa trauti, ingawa ulianza kama burudani ya walowezi wachache, umedumu kwa kazi na ujuzi wa Wakenya, na kwa hiyo ni haki yao kuuhesabu kuwa sehemu ya historia yao, na ni wajibu wao kuyalinda maji yanayouwezesha.

Inafaa kwanza kueleza ufundi wenyewe. Katika uvuvi wa mshipi unaojulikana pwani na ziwani, mvuvi hutia chambo cha nyama au dagaa kwenye ndoana, kisha hufunga chubwi, yaani kipande cha risasi, ili uzito wake uupeleke mshipi mbali na kuuzamisha. Katika uvuvi wa nzi bandia hakuna chubwi wala chambo cha kuliwa. Kinachofungwa kwenye ncha ya uzi ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya, sufu na nyuzi hata ikafanana na mdudu wa mtoni, na kwa kuwa mdudu huyo hana uzito wowote wa maana, kinachompeleka ni uzito wa mshipi wenyewe, ambao hutengenezwa mnene kwa makusudi, hurushwa nyuma ya bega la mvuvi mpaka unyooke angani, kisha hurudishwa mbele na kutua juu ya maji. Baina ya mshipi huo mnene na ndoana huwekwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi, ili samaki asishtuke. Ufito ambao zamani ulitengenezwa kwa vipande vya mwanzi wa China vilivyochongwa na kugandishwa pamoja, siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, lakini mwendo wa mkono ni uleule.

Ufundi huu ni wa kale. Mwandishi Aelian, aliyeishi katika dola ya Rumi na kuandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 hivi, aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo ili kuwahadaa samaki wenye madoadoa. Nchini Uingereza, mwaka 1496, mpiga chapa Wynkyn de Worde alitoa risala juu ya uvuvi wa ndoana ambayo kwa desturi hunasibishwa na mtawa Juliana Berners, na ndani yake zimo aina 12 za nzi bandia pamoja na miezi ya kuwatumia. Kitabu cha Izaak Walton, The Compleat Angler, kilitoka mwaka 1653, na mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton alikiongezea sehemu nzima juu ya nzi bandia. Katika karne ya 19 mito ya kusini mwa Uingereza, hasa Test na Itchen, ikawa kama chuo cha ufundi huu. Frederic Halford, katika kitabu chake cha mwaka 1886, alisisitiza matumizi ya nzi anayeelea juu ya maji, na mwaka 1910 G. E. M. Skues akatetea matumizi ya tunutu, yaani mfano wa mdudu mchanga ambaye bado anaishi chini ya maji kabla ya kuota mabawa. Mjadala huo wa Waingereza ulikuja kuvuka bahari pamoja na samaki mwenyewe.

Kuvusha samaki bahari si jambo jepesi, kwa kuwa trauti hufa upesi maji yakipata joto au yakikosa hewa ya oksijeni. Kilichowezesha safari hizo ni yai. Yai la trauti lililorutubishwa huwa laini na rahisi kuharibika mwanzoni, lakini likifikia hatua ambapo macho ya kiinitete huonekana kama vitone viwili vyeusi ndani ya ganda, hupata ukakamavu wa kustahimili safari, na likiwekwa katika baridi ya barafu ukuaji wake hupungua kasi, hivyo kuanguliwa kwake kunaweza kucheleweshwa. James Arndell Youl alithibitisha jambo hilo mwaka 1864, pale mayai yaliyopangwa ndani ya kuvumwani na barafu yalipovuka nusu ya dunia kwa merikebu iitwayo Norfolk, kutoka Uingereza hadi Australia, na yakaanguliwa kwenye mabwawa ya kando ya mto Plenty, Tasmania. Kutoka hapo trauti walifika New Zealand, na katika miaka ya 1890 trauti wengine wakafikishwa Afrika Kusini, ambako kituo cha Jonkershoek karibu na Stellenbosch kilianzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya kuwaangua na kuwalea. Popote utawala wa Uingereza ulipokuta mto wa baridi, palitokea mtu aliyetaka kuupanda trauti, kwa kuwa walowezi walitamani nchi ngeni ifanane na kwao.

Kenya mtu huyo alikuwa Ewart Grogan, aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, kisha akawa mlowezi, mfanyabiashara wa mbao na mwanasiasa. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia wa asili ya Loch Leven, ziwa la Uskoti ambalo samaki wake walisifika kwa uzuri na kwa kukua haraka, na ambao kwa sababu hiyo walikuwa wakizalishwa na kusambazwa sehemu nyingi za dunia. Mayai hayo yalisafiri kwa meli hadi Mombasa, yakapanda reli iliyokuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na baada ya reli yakaingia katika njia za milimani, mahali ambapo mizigo ya wakati huo ilibebwa na wapagazi. Mto uliochaguliwa ulikuwa Gura, unaotiririka kwa kasi kubwa kutoka uwanda wa juu wa Nyandarua kuelekea mashariki, ukipita mabondeni mwa Nyeri kabla ya maji yake kuingia katika mfumo wa mto Tana. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mnamo 1910 kutoka Afrika Kusini, na katika miongo iliyofuata vifaranga walihamishwa kutoka mto hadi mto, hata Thego, Sagana, Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Mathioya na Chania ikajulikana kwa wavuvi. Maziwa madogo ya juu ya Mlima Kenya, kama Rutundu na Alice, nayo yakapandwa samaki. Upande wa Tanganyika, trauti walipelekwa katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini.

Historia hii haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kutaja mazingira yake ya kisiasa. Miaka ambayo trauti walikuwa wakizoea maji ya Gura ndiyo miaka ambayo ardhi ya nyanda za juu ilikuwa ikigawiwa walowezi, misitu ikitangazwa kuwa mali ya dola na wenyeji wakizuiwa kuitumia walivyozoea. Grogan huyohuyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko hadharani Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi, kitendo kilichomletea kifungo kifupi na ambacho kinaonyesha ni utawala wa aina gani uliokuwa ukijengwa. Agĩkũyũ waliokaa kando ya mito hiyo hawakuwa na desturi ya kula samaki, na kwa muda mrefu trauti hakuwa chakula chao wala mchezo wao. Kwao alikuwa kiumbe wa Wazungu, aliyelindwa kwa leseni na kwa kanuni iliyotaka avuliwe kwa nzi bandia tu.

Hata hivyo, tangu mwanzo palikuwa na Waafrika katika kila hatua ya uvuvi huu. Walikuwepo waliobeba vifaranga kwenye madebe, wakilazimika kuyakorogakoroga maji njiani ili yasiishiwe hewa. Walikuwepo walinzi wa mito, na walikuwepo wasaidizi waliofuatana na wageni kingoni na kwa miaka mingi wakayajua maji kuliko waajiri wao, kwa kuwa mgeni alikuja mwisho wa juma na msaidizi aliuona mto kila siku. Elimu ya namna hii haikuandikwa vitabuni. Ilikaa katika macho na miguu ya watu waliojua ni jiwe gani linalomkinga samaki na mkondo, ni bwawa lipi hubaki safi baada ya mvua ya usiku, na ni saa ngapi wadudu huruka.

Mwishoni mwa ukoloni uvuvi wa trauti ulipata nafasi katika sayansi na katika shughuli za serikali. Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya samaki wa maji baridi, sambamba na kile cha Sagana kilichoshughulikia samaki wa maji ya uvuguvugu. Mwaka 1952 mwanabiolojia V. D. van Someren alitoa utafiti wake juu ya biolojia ya trauti katika koloni la Kenya, uliochunguza maisha ya samaki wa nchi zenye majira ya baridi aliyejikuta katika nchi isiyo na majira hayo. Ulaya trauti wa kahawia hutaga mayai majani yanapopukutika, na mayai hukaa chini ya changarawe hadi baridi ipungue. Kwenye ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na kinachogawa mwaka ni masika na vuli, wakati mito hufurika na kuchafuka kwa udongo. Mwaka huohuo wa 1952, tarehe 6 Februari, Malkia Elizabeth II alipata habari ya kifo cha baba yake akiwa Sagana Lodge, nyumba ya kando ya mto wa trauti aliyokuwa amepewa na koloni kama zawadi ya harusi, na ambayo baada ya uhuru ikawa ikulu ndogo ya taifa.

Miezi michache baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, ambao walidai ardhi na uhuru, na jeshi likaipiga mabomu na kuwazuia raia wasiingie. Vijito vilivyokuwa vya burudani vikawa maji ya kunywa ya watu waliokuwa wakiwindwa. Trauti waliendelea kuzaana, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mito, vituo na kanuni vilirithiwa na dola mpya pamoja na misitu.

Baada ya uhuru, sehemu ya ufundi huu iliyostawi zaidi mikononi mwa Wakenya ilikuwa utengenezaji wa nzi wenyewe. Kwa miongo kadhaa Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazotengeneza nzi bandia kwa wingi kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na wengi wa mafundi ni wanawake. Kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi hubana ndoana katika jiliwa ndogo iliyofungwa ukingoni mwa meza, kisha huizungushia uzi mwembamba kutoka karibu na tundu lake hadi inapoanza kupinda. Hapo hufunga nyuzi tatu au nne za unyoya wa jogoo ziwe mkia, hupachika waya mwembamba wa rangi ya dhahabu, kisha hushika manyoya ya sungura kwa ncha za vidole na kuyasokota juu ya uzi hadi yawe kama kamba yenye vinyweleo, na kamba hiyo huizungusha kwenye ndoana ili ifanye tumbo linalonenepa kidogo kidogo kuelekea kifuani. Waya huzungushwa juu yake kwa nafasi zilizo sawa, kuigiza pingili za mdudu. Unyoya wa shingo ya jogoo hufuata, nyuzi zake zikisimama pande zote kama miguu, na mwisho fundi hupiga fundo, hukata uzi na kudondosha tone la vanishi. Ndoana yenyewe huweza kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, na nzi wote wa dazeni moja ni lazima wafanane. Wapo mafundi waliofunga maelfu ya nzi bila kuwahi kumwona trauti akimrukia hata mmoja wao, na pengo hilo baina ya mikono inayotengeneza na mto unaofaidi ni urithi wa ukoloni ambao bado haujazibwa.

Ni katika kujifunza mto ndipo swali la uraibu wa uvuvi huu linapopata jibu. Mwanagenzi hudhani kwamba ugumu uko katika kurusha mshipi, na kweli mshipi humkwama kwenye miti, humzingira mwilini na hutua kwa kishindo kinachowafukuza samaki wote. Lakini mkono huzoea, na hapo ndipo yeye hugundua kwamba kurusha ni mlango tu. Inambidi ajue kwamba trauti hukaa akielekea juu ya mto, akisubiri mkondo umletee chakula, kwa hiyo amkaribie kutoka nyuma. Inambidi ainue jiwe na kutazama tunutu walioganda chini yake, apate kujua samaki wanakula nini wiki hiyo. Inambidi amwachie nzi wake aelee kwa mwendo uleule wa maji, kwa maana akiburutwa na mshipi hata kidogo, trauti humwacha apite. Kila samaki anayekataa humfundisha mvuvi jambo, na kila anayekubali humthibitishia kwamba amesoma vizuri sehemu ndogo ya mto. Mtu aliyeanza kwa kutaka samaki hujikuta akitaka kufahamu wadudu, mvua, mawe na kivuli cha miti, na kwa kuwa elimu hiyo haina mwisho, hamu nayo haina mwisho. Walowezi wa 1905 walipitia shule hiyo, wasaidizi wao wakaipita kwa ubora zaidi, na Wakenya wanaonunua leseni leo wanaanzia darasa lilelile la kwanza.

Pamoja na sifa hizo, upo upande wa pili ambao mpenzi wa trauti anapaswa kuukabili. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, limewaweka trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua katika orodha yake ya viumbe 100 vamizi waliodhuru zaidi mazingira duniani, kwa sababu katika nchi kadhaa, ikiwemo Afrika Kusini, wamewala au kuwafukuza samaki wadogo wa asili. Katika Kenya, vijito vingi vya juu, vilivyotengwa na maporomoko kama Karuru yenye mita 273, havikuwa na samaki wa kushindana nao, lakini wadudu na viluwiluwi wa vyura waliokuwa wakiishi huko bila adui wa aina hiyo walipata adui mpya. Busara ni kutowapanda tena trauti katika maji ambayo hawajafika, na kuwatunza vizuri pale walipokwisha kuwa wenyeji.

Kuwatunza kunategemea baridi ya maji. Trauti hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 10 hadi 18 hivi za Selsiasi, hudhoofika yakizidi takribani 20, na hufa yakikaribia 25, kwa hiyo kivuli cha msitu na wingi wa maji ni uhai wake. Nyandarua na Mlima Kenya ni miongoni mwa minara mitano ya maji ya Kenya, yaani milima yenye misitu ambamo mito mikubwa ya nchi huanzia, na maji yanayomlea trauti ndiyo yanayofika mashambani na mijini. Ukataji wa miti, mashamba yaliyopandishwa hadi kingoni na mabomba yanayochukua maji wakati wa kiangazi vimepunguza vijito vya upande wa Naro Moru na Nanyuki. Kwa upande mwingine, juhudi za kuilinda milima hiyo zimezaa matunda. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika miteremko ya Nyandarua, kaunti ya Nyeri, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, na uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 unaozunguka msitu wa Nyandarua ulikamilika mwaka 2009.

Trauti amekaa Kenya kwa zaidi ya karne moja. Waliomleta hawapo tena, lakini mito ipo, kituo cha Kiganjo kipo, wafugaji wa trauti wapo Nyeri na Timau, na mafundi wa nzi bandia wapo. Kinachokosekana ni kuunganisha mambo haya. Vijana wanaokaa kando ya Gura, Thego na Mathioya wafundishwe kuvua katika mito ya kwao, mafundi wa nzi wapelekwe mtoni wakaone kazi yao ikifanya kazi, na ujuzi wa wazee waliowaongoza wavuvi uandikwe kabla haujapotea pamoja nao. Serikali za kaunti na vyama vya watumiaji maji vina uwezo wa kuanza, na kazi ya kwanza ni kulinda miti ya kingoni na kusimamia bila upendeleo uchukuaji wa maji wakati wa kiangazi, kwa sababu bila maji baridi hakutakuwa na trauti wa kuvuliwa wala maji ya kutosha kwa mkulima aliye chini ya mlima.